Bwana Mifugo na Mbwa Wenye Vyeo

Kila mbwa wa Bwana Mifugo alikuwa na cheo cha jeshi, na kila asubuhi alipofungua banda aliwapigia saluti mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Sikuwahi kumwona akitania katika jambo hilo. Meja ndiye aliyeanzisha ukoo. Mwanawe akaitwa Kapteni. Waliofuata wakashuka vyeo kadiri walivyozaliwa, mpaka ilipofika zamu yangu vikawa vimebaki vya chini. Mimi nilipewa Koplo, jike la mgongo mweusi na masikio yasiyotulia, mwaka wa kwanza nilipohamia jirani naye pale Kasulu.

"Koplo wa kike, mzee?" nilimwuliza.

"Jeshi la siku hizi halibagui, Mwalimu," akanijibu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nimeanza na saluti kwa sababu ndiyo kumbukumbu pekee ninayoweza kuigusa bila kukasirika. Wapo watu wanaonisihi nimsamehe, wakisema alikuwa mtu mwema, na mimi nakubali kwamba alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mtu mbaya ningeshamsahau zamani.

Alikuwa amestaafu kazi ya mifugo kabla sijamjua, lakini cheo hakikumtoka. Wauza dagaa sokoni, padri, mkuu wa shule yangu, wote walimwita Bwana Mifugo, na nadhani hata mkewe marehemu alimwita hivyo. Alivaa shati la kaki lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, kalamu mbili mfukoni, na alinuka dawa ya josho hata siku ya Krismasi. Kabla ya kumshika mtoto wa mtu mkono alinawa mpaka kwenye viwiko. Chai aliiita maji ya moto yaliyotiwa rangi. Yeye alikunywa maziwa. Redio aliisikiliza akibishana nayo, na mtangazaji akikosea jina la ugonjwa wa kuku alizima kwa hasira, halafu akaiwasha tena kuona kama wameomba radhi.

Mimi nilitoka Lushoto na cheti changu cha ualimu wa baiolojia, sijui mtu, sijui lugha, naona baridi ya Kasulu haina tofauti na ya kwetu ila haina ndugu ndani yake. Wiki ile ile ya kwanza alinigongea mlango akiwa na mzigo wa kuni begani na chupa ya maziwa. Akanifundisha kusalimia Kiha asubuhi, "Mwakeye," na nilipoitamka kwa sauti yetu ya Kisambaa alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Tangu siku ile akawa ananipitia kila jioni kunisahihisha. Nilipougua malaria ya kutapika ndiye aliyenipeleka hospitali kwa baiskeli, akisukuma, maana milima ya pale haikubali mtu apakiwe. Hayo yote ni kweli na siyafuti.

Mbwa wake hakuwauza. Watu wa mjini walishangaa, kwa kuwa walikuwa mbwa wa Kijerumani hasa, wa mbegu ya yule Meja ambaye Mzungu mmoja fundi wa visima alimwachia alipomaliza mkataba wake kwenye kambi ya wakimbizi. Yeye aliwagawa kwa desturi ya zamani ya Waha, ile wanayoita kugabira. Zamani ilikuwa ng'ombe: mtu anakupa mtamba, unamlisha, unakunywa maziwa yake, na akizaa unarudisha ndama jike kwa aliyekupa. Kuanzia hapo ninyi ni watu wa nyumba moja. Mkiwa na msiba mnalia pamoja, mkiwa na kesi mnasimama pamoja. Na lipo sharti moja ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Aliyepewa hamlalamikii aliyempa. Ng'ombe akiwa mkali, akiwa hana maziwa, akifa kabla ya kuzaa, unasema bahati yako mbaya, unasema malisho, unasema jirani ana jicho baya. Husemi kwamba ulipewa ng'ombe mbovu.

Yeye ng'ombe hakuwa nao wa kutosha, akaifanyia desturi ile kwa mbwa. Aligabira mbwa Heru Juu alikozaliwa, akagabira Titye alikofanya kazi, akawagabira wafanyabiashara wawili wa pale mjini, na kila aliyepewa alimleta jike wake apandishwe na Meja, akarudisha mtoto jike wa kwanza. Majike yale yaliporudi yalipandishwa na Meja mwenyewe, baba yao, na baadaye na Kapteni, kaka yao. Mimi nilikuwa nafundisha kidato cha nne mambo ya urithi, njegere ndefu na njegere fupi, na jioni moja nilimwambia kwamba damu inazunguka mno uani kwake. Alijivuna.

"Haijatoka nje hata tone," akasema. "Ni Meja mtupu."

Sasa niseme jambo jingine juu yake, kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani alikuwa mshamba tu asiyejua. Hakuna mtu katika wilaya ile aliyechukia habari za uchawi kama yeye. "Ng'ombe harogwi," alikuwa akisema, "ng'ombe anaumwa." Alilisema sokoni, alilisema kanisani, alilisema kwenye harusi za watu. Na hakuwa wa maneno tu. Wazee wa Titye walinisimulia mimi mwenyewe nikiwa nimekaa nao jinsi ng'ombe walivyokufa pale mfululizo, na kijana mmoja aliyekuwa mganga wa mitishamba akakamatwa na wananchi, wamemfunga kamba. Bwana Mifugo alifika na pikipiki ya serikali, hakumsalimia mtu. Aliomba kisu, akampasua ng'ombe aliyekufa mbele ya umati, akatoa ini, akalikata vipande, na kutoka ndani yake wakatoka minyoo bapa. Akawapitishia watu kwenye sinia, mmoja mmoja, wawaone. "Huyu ndiye mchawi wenu," akasema. "Mfungeni huyu." Kijana akafunguliwa, na yuko hai mpaka leo, ana watoto.

Kwa hiyo alijua. Alijua jinsi ya kusimama mbele ya watu wenye hasira, na alijua neno la mtu mmoja anayeheshimiwa linaweza kufanya nini.

Meja aliacha kutembea akiwa mzee wa miaka tisa hivi. Kwanza alianza kukokota kucha za miguu ya nyuma, mpaka zikalika upande mmoja. Halafu makalio yakawa yanayumba. Halafu miguu ya nyuma ikamkataa kabisa, ingawa hakulia wala hakuacha kula. Bwana Mifugo alimtoa nje kwenye toroli kila asubuhi, akamshikilia kiuno ajisaidie, akampangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Akampigia saluti akiwa amelala. Aliniambia ni uzee. Meja alipokufa alimzika nyuma ya banda, na siku tatu hakuwasha redio.

Mwaka 2012 ndipo watoto wa Meja nao walipoanza. Mmoja wa Titye, halafu watatu wa Heru Juu, wote katika kitongoji kimoja, nyumba zinazotazamana. Ni hao watatu walioleta balaa, kwa sababu katikati ya nyumba zao ilikuwepo nyumba ya Mama Skola.

Mama Skola alikuwa mjane aliyepika pombe ya ndizi. Mwanawe wa pekee alikuwa Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mkali kidogo kwa walevi wasiolipa, na alikuwa na tabia ya kumwaga machicha ya pombe kwenye shimo nyuma ya nyumba, ambako mbwa wa kitongoji kizima walikuja kulamba. Watu walikunywa kwake miaka na miaka bila kuona neno. Mbwa walipoanza kulegea miguu, machicha yakaonekana.

Wenye mbwa hawakuweza kusema kwamba Bwana Mifugo aliwapa mbwa wabovu. Lugha ya kulisema hilo hawakuwa nayo. Ikabidi kuwe na mtu.

Mwaka uliofuata vikafika vijiti vya kupimia mbwa. Yule fundi wa visima alikuwa amerudi kwao, akafuga ndugu wa Meja, nao wakalegea vile vile, na huko wakapimwa vinasaba. Akaona si haki rafiki yake wa Kasulu asijue, akamtumia kwa posta vijiti vyenye pamba nchani na maelezo yake. Mimi ndiye niliyeitwa kusaidia. Mbwa hakupaswa kula wala kunywa kwa muda kabla ya kupimwa. Unamfungua kinywa, unasugua pamba ndani ya shavu, unaiacha ikauke, unaifunga, unairudisha kwa posta. Kapteni alikubali kwa heshima zote. Koplo wangu aling'ata kijiti cha kwanza akakivunja, na Bwana Mifugo akamfokea, "Koplo! Nidhamu!" Tulicheka sana siku ile. Mjini watu walicheka zaidi. Wao DNA waliijua kwa kesi za watoto tu, na pale kilabuni wakawa wanaulizana kama Kapteni amekataa mimba ya nani.

Majibu yalikuja kwenye barua pepe yangu, maana yeye simu yake ilikuwa ya tochi. Nilimsomea barazani kwangu, Kapteni amelala miguuni pake. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Mbwa hurithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Akiwa na moja mbovu, anaishi salama ila anaweza kuirithisha. Akiwa na mbili mbovu, uti wa mgongo unaweza kuanza kuoza taratibu akifikia utu uzima, na dawa hakuna. Kapteni alikuwa na mbili. Koplo alikuwa na mbili.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mzee. Na kwa jinsi ulivyowapandisha, wale wa Heru Juu na yule wa Titye ni hivyo hivyo."

Alimkuna Kapteni nyuma ya sikio. Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini nilimsikia vizuri sana, "Kumbe ni mimi."

Nilifurahi. Naona aibu kidogo kwa furaha ile, lakini nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia maneno ya Heru Juu juu ya Mama Skola, na nikaamini yameisha. Nilimwona kabisa akisimama mbele yao na sinia lake. Nilimwuliza lini atakwenda. Akasema, "Ego, ndiyo, tutakwenda," akainuka, akanawa mikono, akaenda zake.

Hakwenda mpaka walipomwita wao. Mkutano ulifanyika mchana, kwenye uwanja wa mpira wa kitongoji, baada ya mtu kurusha mawe kwenye bati la Mama Skola. Mwenyekiti alikuwa mtu mwoga lakini si mbaya. Alisema amemwita mtaalamu ili mambo yaishe kitaalamu. Mbwa watatu waliletwa, wawili wamebebwa, mmoja akijikokota kwa miguu ya mbele, nyuma yake mstari kwenye vumbi. Mama Skola alikaa peke yake kwenye nyasi, kanga imefungwa kichwani, mikono mapajani. Hakulia. Alimtazama Bwana Mifugo tu, maana yeye pia alikuwa ameisikia ile habari ya Titye, nani hakuisikia.

Mzee Gwasa ndiye aliyeanza, mwenye mbwa aliyekuwa anajikokota. Alikuwa mtu wa adabu, mzee wa kanisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mbwa huyu amenipa Bwana Mifugo, kwa mikono yake hii miwili," akasema. "Kitu cha Bwana Mifugo hakina kasoro. Hilo tunakubaliana wote?"

"Egooo!" umati ukaitikia.

"Basi kasoro imetoka wapi? Mimi siwezi kumsingizia mtu. Nauliza tu, imetoka wapi?"

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Mifugo. Aliinuka, akawaendea mbwa, akawakagua kucha, akawabinya mapaja, akawakunja vidole vya nyuma kuona kama watavirudisha. Alifanya yote kwa makini kama kawaida yake. Kisha akajipangusa mikono kwa leso, akasema:

"Ugonjwa huu, katika kazi yangu yote ya serikali, sikuwahi kuukuta."

Akakaa.

Sentensi ile haikuwa na uongo ndani yake. Ndiyo maana naichukia. Mtu akidanganya unaweza kumshika. Nilisimama mimi. Nikasema mbwa wamepimwa, nikaeleza baba na mama, nikaeleza nakala mbili, nikasema ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mbwa wenyewe na Mama Skola hahusiki hata kidogo. Walinisikiliza kwa heshima, kwa sababu nafundisha watoto wao.

"Ahsante, Mwalimu," akasema Mzee Gwasa. "Lakini hayo mbona Bwana Mifugo mwenyewe hajayasema?"

Wote tukamtazama. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

"Na yule wa Titye?" nikapiga kelele. "Titye Mama Skola hajawahi kufika! Huyo alilishwa na nani?"

Kijana mmoja nyuma akajibu, "Uchawi haulipi nauli, Madam," na uwanja mzima ukacheka. Nikajua tumeshindwa.

Njiani kurudi mjini nilimpigia kelele mzee wa umri wa baba yangu. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baada. Alitembea akiinama mpaka tulipofika kwenye daraja.

"Wewe si wa huku, Mwalimu," akasema. "Gwasa alimzika mke wangu. Alichimba kaburi kwa mkono wake, kwa sababu ya mbwa yule. Leo nimwambie nilimpa kilema? Nitakuwa nimemwambia nini?"

"Na Mama Skola je?"

"Mama Skola atapata pa kwenda."

Nimeisikia sentensi ile mara nyingi tangu siku ile, nikiwa naosha vyombo, nikiwa nasahihisha madaftari. Atapata pa kwenda. Sauti yake haikuwa ya ukatili. Alisema kama mtu anayekadiria mvua.

Wiki ile migomba ya Mama Skola ilifyekwa yote. Alikuja kwangu na vyungu viwili na kuku kwenye tenga, akakaa siku chache akisubiri kaka yake wa Gwarama aje kumchukua. Wakati anaondoka Heru Juu watu walikuwa wanapalilia maharage, akaniambia, na waliendelea kupalilia. Siku zote alizokaa kwangu, kila asubuhi tulikuta chupa ya maziwa juu ya ukuta unaotenganisha nyumba zetu. Hapakuwa na salamu. Mama Skola hakuyagusa. Alikuwa akimmiminia Koplo kwenye sufuria ya zamani, akimtazama anavyokunywa.

"Na huyu naye watasema nimemlisha?" aliniuliza siku moja.

"Hapana, mama."

"Subiri miguu ilegee," akasema.

Baada ya hapo niliomba uhamisho, nikapelekwa Kibondo. Sikumuaga Bwana Mifugo. Nilimpigia Koplo saluti barabarani tulipotoka ili mzee aone kama yuko dirishani, upuuzi wa hasira, na sijui kama aliona.

Alinifuata mwaka 2015. Ni mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walipoanza tena kumiminika, Kibondo ikajaa magari, maghala yakawa yanajengwa kila upande na makampuni ya ulinzi yakawa yanatafuta mbwa. Jioni nikasikia hodi, nikafungua, nikamwona amesimama na tenga la watoto wa mbwa na shati lake la kaki. Alikuwa amekonda. Nikasema "Shikamoo," maana mdomo una mazoea yake, akaitikia "Marahaba, mwanangu."

Koplo alikuwa uani. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imeshaanza kumkataa, na mimi nilikuwa namwinua kwa kanga niliyoipitisha chini ya tumbo. Bwana Mifugo alimwona. Aliomba maji, akanawa, akapiga magoti kwenye udongo, akatoa mkasi mdogo mfukoni akamkata zile kucha zilizolika vibaya, moja baada ya nyingine, akimwambia maneno ya Kiha. Koplo alimlamba uso. Nilikaa mlangoni nikiwatazama na nikawa sijui niweke wapi hasira yangu. Usiku ule nilimpikia.

Akiwa anakula ndipo akaniambia kwamba Kapteni hakupanda jike tena tangu yale majibu. Alimfunga. Alitafuta dume jingine kutoka Arusha, akalipima kwanza, likawa safi. Majike akayapima yote, akabakiza yenye nakala moja mbovu tu, maana lililo safi halikuwepo. Watoto hawa kwenye tenga, wote wazima. Kwa hiyo aliamini kila neno la majibu yale, aliyaamini na kuyafanyia kazi, kimya kimya, ndani ya ua wake.

"Kesho unipeleke Gwarama," akasema.

Nikampeleka. Moyo wangu uliniambia hatimaye amekuja kusema. Mama Skola alikuwa anaishi kwenye chumba kilichojengwa nyuma ya nyumba ya kaka yake, hapiki pombe tena, analima mihogo ya watu. Alitutolea vigoda. Pombe hakutoa, hata maji hakutoa. Bwana Mifugo alimchukua mtoto wa mbwa mzuri kuliko wote, akasimama, akamwinua kwa mikono miwili.

"Mama, nimekugabira huyu."

Nilielewa polepole, mimi si wa huku. Akimpokea, wanakuwa watu wa nyumba moja. Na aliyepokea hamlalamikii aliyempa.

Mama Skola alielewa haraka zaidi. Alimtazama yule mtoto, akatabasamu kidogo, maana alikuwa mzuri kweli.

"Kwanza uniambie mbele ya mwalimu," akasema. "Mbwa wa Heru Juu waliuawa na nani?"

"Waliumwa."

"Waliumwa na nini?"

"Waliumwa tu, mama."

"Oya, hapana," akasema Mama Skola. Hakupaza sauti. "Mimi sina nyumba, sina migomba, nikiingia kanisani watu wanasogea. Sitaki mbwa. Nenda Heru Juu, simama pale uwanjani, useme. Ukishasema, rudi, nitampokea hata akiwa kilema."

Bwana Mifugo alibaki amemshikilia yule mtoto hewani. Halafu akamrudisha kwenye tenga.

Tukashika njia ya kurudi Kibondo. Karibu na mji akasema, "Yule mama ana kiburi."

Mnunuzi alikuwa anamsubiri kwangu, kijana wa Dar, msimamizi wa kampuni moja ya ulinzi, miwani kichwani. Aliwakagua watoto wa mbwa mmoja mmoja, akampenda yule yule aliyekataliwa Gwarama. Lakini alikuwa na wasiwasi.

"Mzee wangu, nisikufiche. Nimeambiwa mbwa wa Kasulu wanalegea miguu. Watu wanasema kuna bibi mchawi wa mbwa kule. Hawa hawana hayo mambo?"

Bwana Mifugo alicheka. Alicheka vizuri, kama alivyonicheka mimi na ile salamu ya Kiha.

"Hakuna mchawi, kijana wangu. Mbwa harogwi, mbwa anaumwa. Ule ni ugonjwa wa ukoo. Ulitoka kwa mbwa wangu mwenyewe, Meja, nikausambaza mimi kwa kupandisha ndugu kwa ndugu. Si sumu, si machicha, si mkono wa mtu." Akamweleza baba na mama, akamweleza nakala mbili, akamweleza vijiti na pamba, polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufundisha mikutano, na hakuruka neno hata moja. Nilikuwa nimesimama na kanga ya Koplo mkononi. "Hawa wamepimwa. Lete pua yako hapa uwanuse, ni wazima kabisa."

Kijana akaridhika, akatoa pesa.

"Mama mmoja walimfukuza bure kabisa," Bwana Mifugo akaongeza, akitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akamkabidhi mtoto wa mbwa kwa mikono miwili.